Kompyuta ya Chama Inapokataa Kuwaka

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kabanga, Wilaya ya Ngara



Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi daftari la chama cha msingi lilikuwa kitabu chenye jalada gumu, kilichofungiwa kabatini pamoja na mhuri na vitabu vya stakabadhi. Taa ilipozimika, katibu alisogea dirishani akaendelea kuandika. Siku hizi sehemu kubwa ya daftari hilo imehamia katika kompyuta: majina ya wanachama, kilo za kahawa walizoleta, malipo waliyokwisha kupokea, madeni ya pembejeo, na taarifa zinazopelekwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Daftari la namna hii lina adui ambaye kitabu hakuwa naye. Asubuhi moja katibu hubonyeza swichi, na mashine haiitiki.

Na uchukuliwe mfano wa chama kimoja cha kahawa katika kata ya Kabanga. Ni mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zimeanza, na wanachama wanangoja malipo yao ya pili. Usiku kumepiga radi kubwa. Asubuhi katibu anafungua ofisi, anabonyeza swichi ya kompyuta, na hapana taa, hapana feni, hapana sauti. Ukumbini wamekwisha kukaa watu ishirini. Kijana mmoja mpita njia, anayejulikana kuwa fundi wa simu, anatazama mara moja na kutoa hukumu: "Radi imeunguza bodi. Hii ni ya kutupa, nunueni nyingine." Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango anauliza swali ambalo wengi wanalo moyoni: "Sasa kilo zangu nazo zimeungua?"

Swali la mzee huyo ndilo msingi wa mazungumzo haya. Fedha ya kununua kompyuta mpya ni fedha ya wanachama, na kumbukumbu zilizomo ndani ya ile ya zamani ni haki ya wanachama. Hukumu ya kutupa mashine haifai kutolewa kwa mtazamo wa mara moja, kama vile mwizi hahukumiwi kwa kutazamwa usoni. Ipo njia ya kuuliza mashine maswali kwa utaratibu, moja baada ya jingine, mpaka ijulikane ni kiungo gani kilichokufa. Sehemu kubwa ya njia hiyo yaweza kufanywa na katibu mwenyewe, kwa bisibisi moja na subira.

MASHINE NA WATU WAKE

Taifa hili limekwisha kupata fundisho juu ya kompyuta zamani. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Gharama zake zilikuwa kubwa, na hesabu za Serikali zilipoingizwa katika mashine zilileta matatizo makubwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla ya marufuku hayo kulegezwa. Chama cha msingi kinachonunua kompyuta ilhali hakuna mtu hata mmoja ofisini anayejua kuitunza kinajitia katika hatari ya namna hiyo hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo. Mashine huja na faida yake, lakini yahitaji watu wanaoielewa.

Kuielewa si jambo la ajabu. Mwanachama mwenye mashine ya kusaga unga haanzi kwa kufungua injini inapokataa kuwaka. Hutazama kwanza kama mafuta yamo, kisha kama yanafika, kisha kama hewa inapita, na mwisho kabisa ndipo aguse vyuma vya ndani. Kadhalika karani wa mizani haanzi kwa kumshuku mkulima kilo zinapokuwa na kasoro. Huangalia kwanza kama mizani imesimama kwenye sufuri. Utaratibu wa kompyuta ni huo huo: huanza nje na kwenda ndani, huanza kwa jambo jepesi na lisilo na gharama, na kila mara hubadilisha kitu kimoja tu.

UBAO MKUU NA KAZI YAKE

Ndani ya sanduku la kompyuta ya mezani mna ubao mpana wa rangi ya kijani, bluu au nyeusi, ulioshikwa kwa skrubu ubavuni. Huo ndio ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Viungo vingine vyote hushikamana nao. Prosesa, ambayo ndiyo yenye kufanya hesabu, imekaa chini ya feni. Ramu ni vibao vyembamba virefu vilivyosimama wima, navyo hushika kazi inayoendelea kwa wakati ule tu. Diski ndiyo ghala: humo ndimo majina na kilo za wanachama vinamokaa hata mashine ikizimwa. Pawa saplai ni sanduku la chuma lenye feni, lililo nyuma. Hupokea umeme wa volti 230 kutoka ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3.

Mambo hufuatana hivi. Katibu abonyezapo swichi, ubao huiamuru pawa saplai itoe umeme. Pawa saplai ikiona umeme wake umetulia, huujulisha ubao. Prosesa huamka na kusoma programu fupi iliyoandikwa katika ubao wenyewe, iitwayo bayosi. Bayosi hukagua ramu, huamsha kioo, kisha hutafuta diski, na mwisho huiachia diski ianzishe programu kubwa ya kazi. Anayeufahamu mfuatano huu aweza kujua mashine imekwama wapi, kama mtu ajuaye vituo vya basi kutoka Ngara mjini hadi Kabanga awezavyo kujua basi limeharibikia wapi kwa kuuliza waliolipokea na ambao hawakulipokea.

DALILI TATU

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote, katibu hana budi kutazama na kuandika dalili. Dalili zenyewe ni tatu.

Ya kwanza: mashine imekufa kabisa, hapana taa, hapana feni. Hapa shaka huwa juu ya umeme, pawa saplai, swichi au ubao.

Ya pili: taa inawaka na feni zinazunguka, lakini kioo ni cheusi. Hapa umeme unafika. Shaka huwa juu ya kioo chenyewe na waya wake, ramu, kadi ya picha, prosesa au ubao.

Ya tatu: kioo kinaonyesha jina la kiwanda au maandishi meupe, kisha mashine inasema kwamba haikuona diski, au inazunguka bila kufika mwisho. Hapa ubao umekwisha kufanya kazi yake kubwa. Shaka huhamia kwenye diski, waya wake, au programu. Kununua ubao mpya kwa dalili ya tatu kwa kawaida ni kupoteza fedha ya wanachama.

HATUA YA KWANZA: UMEME WA NJE

Wilaya ya Ngara kwa miaka mingi ilipata umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa. Leo maporomoko ya Rusumo, katika wilaya hii hii, yana kituo cha kuzalisha megawati 80 zinazogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo umeme unaofika kwenye soketi ya ofisi ya kijijini hupita njia ndefu, na kukatika na kurudi kwa kishindo hakujaisha. Kwa hiyo soketi ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Chomeka taa au chaja ya simu katika soketi ile ile. Ikiwaka, ondoa waya wa kuongezea na kifaa cha kuhifadhi umeme, yaani UPS, kisha chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. UPS ambayo betri yake imekufa mara nyingi huizuia kompyuta nzima, na lawama ikaangukia mazabodi. Badilisha waya wa umeme wa kompyuta kwa ule wa kioo, kwa kuwa mara nyingi hufanana. Nyuma ya pawa saplai hutazamwa swichi ndogo yenye alama ya 0 na 1; wafagiaji huigusa bila kujua. Katika mashine za zamani ipo pia swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Hapa nchini lazima isome 230, na ikiwekwa 115 pawa saplai huungua papo hapo.

Baada ya hayo, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza swichi ya kuwashia na kuishikilia kwa nusu dakika, kisha chomeka tena na kujaribu. Tangu kampuni ya Intel ilipotoa muundo uitwao ATX mwaka 1995, pawa saplai huendelea kutoa volti 5 za kungoja hata mashine ikiwa imezimwa, maadamu waya umo ukutani. Umeme ulipokatika na kurudi kwa fujo, mashine nyingine hujifungia ili kujilinda, na hazifunguki mpaka umeme huo wa kungoja uishe. Zipo kompyuta zilizobebwa mpaka mjini kwa nauli ya chama, zikawaka mezani kwa fundi bila kuguswa, kwa sababu zilikuwa zimechomolewa njiani.

HATUA YA PILI: KUFUNGUA NA KUTAZAMA

Ikiwa bado, sanduku hufunguliwa. Waya wa umeme huchomolewa kwanza, bila udhuru. Aifunguaye agusane na chuma kitupu cha sanduku kabla ya kugusa ubao, na arudie kufanya hivyo mara kwa mara, kwa kuwa mwili hubeba umeme mdogo usioonekana ambao waweza kuua ramu. Jambo jingine lisilo na msamaha: sanduku la pawa saplai lenyewe halifunguliwi na katibu. Ndani yake mna vyombo vinavyoweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Katika nchi ya vumbi jekundu, kitu cha kwanza kuonekana ni vumbi. Huondolewa kwa brashi laini iliyokauka, na feni hushikwa kwa kidole zisizunguke. Mijusi, mende na manyigu nao hupenda joto la ndani, na mjusi mmoja aliyelala juu ya ubao atosha kuunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kukutana.

Kisha hutazamwa vyombo vidogo mfano wa makopo, viitwavyo kapasita, hasa vilivyo karibu na prosesa. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyovimba kichwa, au iliyovuja ute wa kahawia, imekufa au yu karibu. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na kapasita dhaifu. Mashine za Dell za aina ya OptiPlex GX270 zilijulikana duniani kote kwa ugonjwa huo. Chama kinachonunua kompyuta iliyokwisha kutumika ng'ambo kifungue sanduku na kutazama kapasita kabla ya kulipa. Fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu aweza kuzibadilisha.

Mwisho wa kutazama, hakikisha kwamba plagi mbili za umeme zimeingia barabara katika ubao: ile pana yenye pini 24, na ile ndogo yenye pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Hiyo ndogo ikiwa imelegea, feni zaweza kuzunguka na prosesa isiamke kamwe.

HATUA YA TATU: RAMU NA SAUTI ZA MASHINE

Kwa dalili ya pili, feni kuzunguka na kioo kuwa cheusi, ramu ndiyo ya kushukiwa kwanza. Lakini kabla ya hapo kioo hujaribiwa na mashine nyingine, na waya wake hutazamwa kama umechomekwa mahali pake. Mashine yenye kadi ya picha ina milango miwili ya kioo, na mara nyingi ule wa ubaoni haufanyi kazi kadi ikiwapo.

Ramu hutolewa kwa kufungua vishikizo vya ncha mbili. Meno yake ya rangi ya dhahabu husuguliwa polepole kwa kifutio laini cha penseli na kupanguswa kwa kitambaa kikavu. Ni unyevu na vumbi vinavyoyafunika, na umeme ukashindwa kupita. Hurudishwa kwa kusukumwa sawasawa mpaka vishikizo vilie. Kama vibao ni viwili, hujaribiwa kimoja kimoja, na kila kimoja katika kila nafasi.

Mashine nyingi zina kipaza sauti kidogo ndani, na bayosi hukitumia kusema shida yake kioo kinapokuwa cheusi. Milio mirefu inayorudiwa mara nyingi huwa ni malalamiko juu ya ramu. Mlio mmoja mrefu wenye kufuatwa na mifupi mara nyingi huwa juu ya kadi ya picha. Kila kiwanda kina lugha yake, kwa hiyo idadi ya milio iandikwe na kulinganishwa na kitabu cha mashine. Mashine nyingine hutumia taa zinazopepesa badala ya sauti.

Hapa ipo hila moja yenye faida kubwa. Toa ramu yote, kisha washa. Mashine ikilia, yapasa kufurahi: ina maana kwamba ubao, prosesa na bayosi vi hai, vimetafuta ramu na kuikosa. Ikiwa kipaza sauti kipo na mashine iko kimya, shaka juu ya ubao au prosesa huongezeka.

HATUA YA NNE: BETRI YA SAA

Juu ya ubao ipo betri ya duara mfano wa sarafu, iitwayo CR2032, yenye volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa na kutunza mipango ya bayosi mashine ikiwa imechomolewa. Baada ya miaka michache huchoka. Dalili yake ni kompyuta kurudi kwenye tarehe ya miaka iliyopita kila asubuhi, na nyingine hukataa kuwaka kabisa.

Katibu asiidharau dalili hii. Tarehe ikiwa ya uongo, stakabadhi ya mkulima huchapwa kwa tarehe ya uongo, na mkaguzi akija hana namna ya kujua kilo zipi zilitangulia zipi. Tena kurasa za mitandao yenye ulinzi hukataa kufunguka kwa mashine ambayo saa yake imepotea, na katibu akadhani mtandao ni mbovu. Betri hiyo ni rahisi kupatikana na hubadilishwa kwa dakika moja. Kuitoa kwa dakika chache, waya wa umeme ukiwa umechomolewa, pia hufuta mipango ya bayosi iliyovurugika, na wakati mwingine mashine huwaka kwa tendo hilo pekee.

HATUA YA TANO: PAWA SAPLAI

Kwa dalili ya kwanza, mashine iliyokufa kabisa, pawa saplai hushukiwa kabla ya ubao, kwa sababu ndiyo inayosimama mlangoni na kupokea kila kishindo cha umeme. Njia nyepesi kuliko zote ni kuazima iliyo nzima kutoka mashine nyingine ya aina ile ile. Ushirika ni jambo jema hata katika hili: vyama jirani vikinunua kompyuta za aina moja, kila kimoja huwa ghala la vipuri vya majaribio kwa mwenzake.

Pasipo ya kuazima, fundi aliyefundishwa aweza kuijaribu peke yake. Umeme ukiwa umechomolewa, plagi ya pini 24 hutolewa ubaoni. Waya mmoja wa kijani huunganishwa na waya mweusi wowote kwa kipande cha waya safi, kisha umeme huchomekwa. Feni ya pawa saplai ikizunguka, mita hupima: waya wa njano utoe kati ya volti 11.4 na 12.6; mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Ikikaa kimya, imekufa. Yafaa kukumbuka kwamba baadhi ya viwanda hutumia plagi na rangi zao wenyewe. Kwa mashine hizo jaribio hili halifanywi bila kitabu chake. Tena pawa saplai yaweza kuzungusha feni bila mzigo na bado ikashindwa inapobeba mzigo, kwa hiyo ushahidi wa kuazima hupita ushahidi wa mita.

HATUA YA SITA: KUPUNGUZA MZIGO

Ikiwa pawa saplai ni nzima na mashine bado haiwaki, huondolewa kila kitu kisicho cha lazima: diski, kadi, mashine ya kuchapia, kipanya, flashi. Hubaki ubao, prosesa na feni yake, na kibao kimoja cha ramu. Kikiwaka katika hali hiyo, viungo hurudishwa kimoja kimoja, na kile kitakachoizima mashine ndicho chenye kosa.

Kisipowaka, ubao hutolewa sandukuni na kulazwa juu ya boksi kavu la karatasi ngumu. Mara nyingine skrubu iliyodondoka nyuma ya ubao ndiyo iliyokuwa ikiuunganisha na chuma. Swichi ya mbele nayo hujaribiwa, kwa kuwa huchakaa: pini mbili ambazo waya wake huingia ubaoni huguswa pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja. Ubao ukiamka, swichi ndiyo mgonjwa.

Baada ya hatua hizi zote, na kwa ramu na pawa saplai zilizothibitishwa kuwa nzima, ndipo yaweza kusemwa kwamba ubao au prosesa imekufa. Baina ya viwili hivyo, prosesa hufa mara chache zaidi.

JIBU LA SWALI LA MZEE

Na sasa mfano urudiwe. Katibu wa Kabanga hakuinunua kompyuta mpya asubuhi ile. Alitoa kitabu cha stakabadhi za karatasi, akawaeleza wanachama hali ilivyo, akaanza na soketi. Soketi ilikuwa nzima. UPS iliondolewa, bado. Umeme wa kungoja ulimalizwa, bado. Sanduku lilifunguliwa, hapakuwa na harufu ya kuungua wala kapasita iliyovimba. Pawa saplai ya chama jirani iliazimwa, na mashine ikawaka. Radi iliua mlinzi wa mlangoni. Wenye nyumba walisalimika. Chama kilinunua pawa saplai, si kompyuta.

Lakini hata kama ubao ungekuwa umekufa kweli, jibu la mzee lingekuwa lile lile: kilo hazikai katika ubao, zinakaa katika diski. Diski hutolewa na kuchomekwa katika kompyuta nyingine, au hutumiwa kwa kifaa cha kuiunganisha kwa waya wa USB, na majalada hunakiliwa. Yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, kompyuta za miaka ya karibuni nyingine hufunga diski kwa ufunguo wa siri unaohusishwa na ubao wenyewe. Ufunguo wa akiba, ambao ni tarakimu nyingi, hauna budi kuandikwa na kutunzwa katika sefu ya chama kabla ya maafa. Bila huo, ubao ukifa diski huwa kaburi. Pili, diski ina majina, namba za simu na akaunti za wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kuzitunza azilinde. Kwa hiyo mashine ikienda kwa fundi, yafaa diski ibaki ofisini. Ikilazimu kwenda, fundi atie saini ya kuipokea, na namba iliyoandikwa juu yake inukuliwe.

KINGA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nchi zinazolizunguka Ziwa Nyanza ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Mawingu yakikusanyika, waya wa umeme wa kompyuta uchomolewe ukutani, na waya wa mtandao uchomolewe pia, kwani radi hupita njia zote mbili. Kuzima swichi hakutoshi. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni, na lisafishwe kabla ya msimu wa kahawa kuanza.

Kila jioni ya siku ya kupokea kahawa, kumbukumbu zinakiliwe katika flashi mbili: moja ikae katika sefu, nyingine ikae kwa mtu aliyeteuliwa na bodi, mahali pengine kabisa. Stakabadhi ya karatasi iendelee kuandikwa, na mkulima apewe nakala yake. Mwenye karatasi mkononi hana sababu ya kuiogopa radi.

Mwisho, kila chama kiwe na daftari la mashine. Ndani yake iandikwe aina ya kompyuta, tarehe iliponunuliwa, tarehe ya betri ya saa, na kila ugonjwa pamoja na hatua zilizochukuliwa na matokeo yake. Fundi akija na kusema kwamba bodi imekufa, katibu afungue daftari hilo mbele yake na kuuliza: umeipima kwa ramu ipi, na kwa pawa saplai ipi? Fundi wa kweli hatachukia kuulizwa. Na bodi ya chama, kabla ya kuidhinisha fedha ya kununua kompyuta nyingine, ilisome daftari hilo kama isomavyo daftari la fedha, ili mwanachama akisimama katika mkutano mkuu na kuuliza kwa nini fedha yake imetumika, apewe jibu lililoandikwa.